Kifaa kwenye gongo la besiboli: Nambari zake zatuambia nini kuhusu mwili?

"MJOMBA, mbona kasi yangu imekwama?" Swali hilo lilinifikia usiku mmoja kwa simu kutoka Dallas, Marekani, anakoishi dada yangu na familia yake. Aliyeuliza ni mpwa wangu wa miaka 15, ambaye huchezea timu ya besiboli ya shule yake ya upili. Pamoja na swali alinitumia orodha ndefu ya nambari: kasi, pembe, sekunde na asilimia. Zilitoka kwenye kifaa kidogo alichonunuliwa na babake, ambacho hufungwa kwenye kitako cha gongo na kupima kila mpigo.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida, wala si kocha. Lakini kazi yangu ya kila siku ni kusoma nambari za miili ya watu: presha, sukari, joto, mapigo ya moyo. Nilipozitazama nambari za kijana huyo kwa makini, niligundua mambo mawili. Kwanza, katika muda wa wiki sita pembe ya mpigo wake ilikuwa imepanda kutoka digrii 8 hadi 19. Pili, kasi yake, ambayo awali ilipanda taratibu, sasa ilikuwa ikiyumba, leo juu, kesho chini. Nikamuuliza jambo ambalo hakulitarajia: "Mgongo wako u hali gani?"

Akanyamaza. Nitarejea kwake baadaye.

Yamkini wasomaji wengi hawajawahi kushika gongo la besiboli. Hata hivyo, wengi wana jamaa Marekani ambao watoto wao wanaucheza mchezo huo, na wengi zaidi wana kifaa fulani nyumbani kinachowapa nambari kuhusu miili yao, iwe ni mashine ya presha au saa inayohesabu hatua. Namna ya kuzisoma nambari hizo bila kujidhuru ni moja.

Mchezo wa nusu sekunde

Wanaoijua kriketi watauelewa mchezo huu upesi. Katika kriketi mpira kwa kawaida hudunda chini kabla ya kumfikia mpigaji. Katika besiboli mrushaji huutupa moja kwa moja hewani, kutoka umbali wa mita 18.4, na mpigaji hutumia gongo la mviringo, si bapa. Kwa hivyo ni lazima kitu cha mviringo kigonge kitu kingine cha mviringo, tena barabara.

Mpira uliorushwa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa muda wa takribani sekunde 0.4. Gongo lenyewe huhitaji kama sekunde 0.15 tangu lianze kushuka hadi ligonge mpira. Ukitoa hesabu hiyo utaona kwamba mpigaji ana robo sekunde tu ya kuutazama mpira, kukisia utapita wapi na kuamua kama atapiga au ataacha. Hakuna jicho la kocha linaloweza kuona kila kitu kinachotendeka katika muda huo. Ndiyo maana vifaa hivi vikabuniwa.

Kifaa hufanyaje kazi?

Kifaa chenyewe ni kidogo mithili ya kifuniko cha chupa. Ndani yake mna vipimo viwili: kimoja hupima jinsi mwendo unavyoongezeka au kupungua, na kingine hupima jinsi gongo linavyozunguka. Vipimo vya aina hiyo vimo pia ndani ya simu yako ya mkononi. Ndivyo huiwezesha kugeuza picha unapoilaza. Baada ya kila mpigo, kifaa hutuma habari kwenye simu, na programu hupiga hesabu na kuonyesha matokeo.

Yafaa ieleweke kwamba kifaa hukaa kwenye kitako cha gongo, karibu na mikono, ilhali mpira hugongwa upande wa pili. Kasi unayoonyeshwa ni ya sehemu iliyo kama sentimita 15 kutoka ncha ya gongo, na hupatikana kwa kukokotoa, si kwa kupimwa moja kwa moja. Kwa sababu hiyo programu hukuuliza urefu na uzito wa gongo lako. Ukidanganya hapo, au ukibadilisha gongo bila kuiarifu programu, kila nambari itakayofuata itakuwa na kasoro. Ni sawa na kupima presha ya mtu mnene kwa mkanda wa mtoto: mashine haina ubaya, lakini jibu si la kweli.

Aidha, kifaa hakiuoni mpira. Hakijui kama ulikuwa juu au chini, wala kama mpigaji aliutazama vyema. Katika ligi kuu ya Marekani shida hiyo imetatuliwa kwa njia nyingine. Tangu 2020 viwanja vyake vimekuwa na kamera 12 za Hawk-Eye, mfumo unaojulikana na mashabiki wa tenisi na kriketi, na mwezi wa Mei 2024 ligi hiyo ilianza kuutangazia umma kasi ya gongo la kila mchezaji. Kijana wa shule hana kamera hizo. Ana kifaa chake, simu yake na, akibahatika, kocha mwenye subira.

Nambari tano za kuzifahamu

Programu hizi hutoa nambari nyingi, lakini tano zinatosha kwa anayeanza.

Ya kwanza ni kasi ya gongo. Katika ligi kuu wastani ni takribani kilomita 116 kwa saa, na mpigo unaofikia kilomita 121 huhesabiwa kuwa wa kasi. Umuhimu wake unatokana na kanuni moja ya fizikia: mpira uliogongwa barabara huondoka na sehemu moja kwa tano ya kasi uliyokuja nayo, ukijumlisha kasi ya gongo mara 1.2. Kwa hivyo mrushaji akiongeza kilomita 10, mpira utaondoka na nyongeza ya kilomita 2 tu. Mpigaji akiongeza kilomita 10 kwenye gongo lake, nyongeza ni kilomita 12. Si ajabu basi kwamba vijana huikimbilia nambari hii kuliko nyingine zote.

Ya pili ni muda wa kufika, yaani tangu gongo lianze kushuka hadi ligonge mpira. Mpira wa kilomita 150 kwa saa husafiri takribani sentimita 40 kwa kila sehemu moja ya mia ya sekunde. Anayepunguza muda wake kwa kiasi hicho kidogo anapata nafasi ya kuutazama mpira kwa sentimita 40 zaidi kabla ya kukata shauri.

Ya tatu ni pembe ya mpigo: je, wakati wa kugonga, gongo lilikuwa likielekea juu au chini? Mpira wa kasi hufika ukiwa unashuka kwa takribani digrii 5, na ule unaopinda hushuka zaidi. Gongo likipanda kidogo, njia yake na ya mpira hulingana na nafasi ya kugonga huongezeka. Ligi kuu huihesabu pembe ya kati ya digrii 5 na 20 kuwa ndiyo inayofaa. Ikiwa chini ya hapo, mipira mingi hugongwa ikaenda ardhini. Ikizidi, mpigaji hukosa au hurusha mpira juu ukadakwa.

Ya nne ni uhusiano wa gongo na kiwiliwili. Kifaa hukadiria pembe iliyopo kati ya uti wa mgongo ulioinama na gongo mwanzoni mwa mpigo. Makocha hutaka iwe karibu na digrii 90. Ikienda mbali na hapo, ni dalili kwamba mikono inafanya kazi peke yake, mwili nao peke yake.

Ya tano ni jinsi gongo linavyopata kasi mapema ya kuzunguka. Nambari hii ikiwa kubwa, kwa kawaida mwendo umeanzia nyonga na kiwiliwili. Ikiwa ndogo, huenda mikono ndiyo imelivuta gongo.

Nguvu hutoka wapi?

Hapa ndipo daktari anapopata la kusema. Watu wengi hudhani kwamba mpigo hutoka mikononi. La hasha. Hutoka ardhini. Mguu wa mbele hukanyaga, nyonga hugeuka, kiwiliwili hufuata, kisha mabega, mikono, na mwisho kabisa gongo. Kila kiungo hukipokeza kinachofuata, kama vijiti katika mbio za kupokezana. Mmoja akikimbia kabla ya kupokea kijiti, timu nzima hupoteza.

Maumbile yametupa viungo vya kugeukia na viungo vya kubebea mzigo. Nyonga hugeuka vizuri. Sehemu ya mgongo yenye mbavu hugeuka pia. Lakini pingili za kiunoni ziliumbwa hasa kwa kubeba uzito na kuinama. Huweza kugeuka kwa digrii chache tu. Mtu mwenye nyonga zilizokaza, anapotaka kuongeza kasi, hulazimika kukopa mzunguko kutoka kiunoni. Kifaa hakitamwonyesha deni hilo. Kitamwonyesha tu kwamba kasi imepanda.

Kwa vijana hatari huwa kubwa zaidi. Kati ya miaka 12 na 16 mifupa hurefuka haraka na misuli ya mapaja huwa imekaza. Mfupa wenyewe haujakomaa. Akijipinda nyuma na kuzunguka mara mamia kila siku, sehemu nyembamba ya nyuma ya pingili, hasa ile ya tano ya kiuno, huweza kupata ufa mdogo. Haukutokana na pigo moja. Umetokana na uchovu wa mfupa usiopewa muda wa kujijenga upya.

Soma kama unavyosoma presha

Mgonjwa akija kwangu na presha ya juu mara moja, simwandikii dawa za maisha. Huenda alikuwa amepanda ngazi mbio, au amegombana na kondakta wa matatu. Humpima tena, siku tofauti, akiwa ametulia, kisha nikatazama wastani. Nambari za gongo zahitaji nidhamu iyo hiyo.

Anza kwa kujua hali yako ya kawaida. Piga mipigo 20 hivi, ukiwa umepasha mwili moto, kwa gongo lile lile na zoezi lile lile, kisha uandike wastani. Fanya hivyo kwa siku kadhaa. Hapo ndipo utajua kama mabadiliko ya kesho ni ya kweli au ni kuyumba kwa kawaida tu.

Usilinganishe visivyolingana. Mpira uliowekwa juu ya kiguzo haukimbii. Kila mtu huupiga kwa kasi nzuri. Mpira uliorushwa na mpinzani ni habari nyingine. Weka kumbukumbu za kila zoezi kando.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha gongo, namna ya kusimama na mshiko katika wiki moja, na kasi ikapanda, hutajua kilichosaidia. Ikishuka, hutajua kilichodhuru.

Kisha utazame kilicholipwa ili kasi ipande. Je, kasi imeongezeka lakini muda wa kufika umerefuka? Basi mpigaji amefanya mzunguko mpana na atachelewa kwa mipira ya kasi. Je, imeongezeka huku pembe ikipanda mno? Pengine anaegemea nyuma. Piga picha ya video ya simu kutoka kando, uitazame pamoja na nambari. Nambari husema kilichotokea. Haisemi kwa nini.

Mwisho, usiabudu nambari moja. Mwaka wa 2024 Luis Arraez, aliyekuwa akiichezea San Diego Padres, alikuwa miongoni mwa wenye gongo la polepole kabisa katika ligi kuu, takribani kilomita 101 kwa saa. Hata hivyo, alimaliza msimu akiwa na wastani wa juu wa kupiga katika ligi ya National, 0.314, ukiwa mwaka wa tatu mfululizo kwake kushinda taji la namna hiyo. Kwa upande mwingine, Giancarlo Stanton wa New York Yankees alikuwa wa kwanza kwa kasi, takribani kilomita 130. Aliupiga mpira nje ya uwanja mara 27 dhidi ya mara 4 za Arraez, lakini wastani wake ulikuwa 0.233. Kila mmoja ana manufaa yake kwa timu.

Na kasi ina gharama. Stanton aliuanza mwaka wa 2025 akiwa na maumivu ya kano za viwiko vyote viwili, akakosa mechi hadi Juni. Yeye mwenyewe alilihusisha tatizo hilo na mabadiliko aliyoyafanya kwenye magongo yake. Naye Mike Trout wa Los Angeles Angels, mmoja wa wachezaji mashuhuri wa kizazi hiki, alivunjika mfupa mdogo wa kiganja cha kushoto mwezi wa Julai 2023 kwa mpigo mmoja tu. Hakuangukiwa na mtu wala kugongwa na mpira. Mfupa huo una kijipembe kilicho chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo, na ndipo kitako cha gongo hukandamiza.

Dalili zisizopuuzwa

Mzazi au mchezaji anapaswa kumwona daktari akiona yafuatayo:

Maumivu ya kiuno yanayozidi mchezaji akijipinda nyuma au akisimama kwa mguu mmoja, hasa kwa kijana, na yanayodumu zaidi ya wiki mbili. Picha ya kawaida ya eksirei huenda isionyeshe ufa ulio mchanga. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha MRI.

Maumivu makali ya ghafla ubavuni wakati wa kupiga, yanayorudi mtu akikohoa au kupiga chafya. Huenda msuli wa ubavu umechanika. Kuulazimisha siku hiyo hugeuza wiki chache za mapumziko kuwa miezi.

Maumivu chini ya kiganja upande wa kidole kidogo, au mshiko uliolegea ghafla.

Ganzi au udhaifu wa miguu, maumivu yanayomwamsha mtu usiku, au shida ya kuzuia mkojo. Haya hayangoji hata siku moja.

Tena kumbuka kwamba kasi iliyoshuka kwa siku tatu mfululizo huwa mara nyingi ni ujumbe wa uchovu: usingizi haba, chakula kidogo, mazoezi mengi. Mchezaji mchanga hudhani ni uvivu, akaongeza mipigo. Hapo ndipo huumia. Magongo mazito ya mazoezi yana nafasi yake, lakini ni kama dawa: yana kipimo, na mwenye kukitoa ni kocha anayeyajua, si kijana peke yake nyuma ya nyumba.

Mpwa wangu

Baada ya kimya kirefu, kijana alikiri. Alikuwa amejinunulia gongo zito bila kumwambia kocha, akapiga mipigo 200 kila jioni baada ya mazoezi ya timu. Kasi yake ilikuwa imetoka kilomita 98 hadi 103. Kisha kiuno kikaanza kuuma upande mmoja. Alificha, maana uteuzi wa timu ulikuwa umekaribia. Ili aendelee kupata kasi akawa anaegemea nyuma, na ndiyo sababu pembe yake ilipanda vile.

Dada yangu alichukua simu. "Kaka, mimi nilidhani anakazana tu," akasema. Nilimweleza kwamba hakuwa na njia ya kujua. Nikamsihi ampeleke hospitali wiki hiyo hiyo, na kijana aache kupiga hata mpigo mmoja hadi aonwe. Kipimo kilionyesha ufa mdogo katika pingili ya tano ya kiuno, upande mmoja, ungali mchanga. Ufa wa namna hiyo ukigunduliwa mapema huwa na matumaini mazuri ya kupona.

Alipumzika miezi mitatu. Alifanyishwa mazoezi ya kulegeza nyonga na mapaja, na ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo. Alikosa uteuzi, akalia. Aliporudi, daktari wake na kocha walikubaliana aanze na mipigo 30, siku moja apige na siku moja apumzike. Kifaa kilirudi pia, lakini sasa kina daftari pembeni: tarehe, idadi ya mipigo, saa za kulala na, kwa alama kutoka 0 hadi 10, maumivu.

Juzi alinitumia nambari tena. Kasi ni kilomita 101, chini ya ile aliyojivunia. Pembe ni digrii 10. Maumivu, 0. Kocha amemwambia ajaribu tena msimu ujao. Nilimjibu kwamba nambari zote ni nzuri, ila saa za kulala ndizo zingali haba: aliandika 6, na kijana wa umri wake anahitaji 8 hadi 10.